Mvua ya Usiku Huandikwa Siku Gani

Swali langu la kwanza katika jukwaa la waandishi wa programu lilifungwa baada ya dakika kumi na moja. Nilikuwa nimelitunga asubuhi nzima kwenye meza ya chakula, chai ikipoa kando. Nilianza kwa salamu, kama inavyompasa mtu anayebisha hodi katika nyumba asiyoijua. Nikajitambulisha: mwalimu mstaafu, mjane, bibi wa wajukuu watano, umri miaka sabini na miwili. Nikaeleza marehemu mume wangu alikuwa nani, na ilikuwaje fundi saa akapima mvua kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja. Swali lenyewe lilikuja katika aya ya sita. Chini yake msimamizi wa jukwaa aliandika maneno mawili, "Swali halieleweki," akaweka kufuli.

Maneno hayo niliyajua vyema. Kwa miaka thelathini na minne niliyaandika kwa wino mwekundu pembeni mwa madaftari ya watoto wa watu, wala sikuwahi kujiuliza yanachoma kiasi gani.

Mjukuu wangu, ambaye ni mfamasia na huja kula kwangu mchana, alisoma akacheka hadi akaweka kijiko chini.

"Bibi, huko hawataki shikamoo. Huko unaingia, unauliza, unatoka."

"Kama mwizi."

"Kama mgonjwa kwenye dirisha langu la dawa. Akianza kunisimulia harusi ya dada yake, foleni inafika barabarani. Aniambie panapouma, basi."

"Na hili jina, Kalamu Nyekundu, nani kanipa?"

"Mimi. Kwani nimesema uongo?"

Yeye ndiye aliyenisajili jukwaani, na ndiye aliyenifundisha misingi ya programu kwa jioni nne kabla ya kuchoka. Alisema kwamba yeye alisomea dawa, haya mengine aliyaokota njiani, na kwamba kuuliza si ujinga.

Lililonipeleka huko halikuwa mchezo. Mume wangu aliacha madaftari kumi na moja. Yalianza kwa ubishi: jirani yetu mwashi alidai kwamba mvua ya mwaka ule ilizidi ya mwaka uliotangulia, mume wangu akakataa, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kubisha bila kipimo, alisimamisha nguzo uani na juu yake akaweka kopo la shaba lenye mdomo mpana na chupa ndani. Mwashi alihama mtaa baada ya mwaka mmoja. Kopo likabaki. Kila siku, saa kumi na mbili unusu asubuhi, mume wangu aliitoa chupa, akaimimina katika bilauri yenye alama, akaandika idadi ya milimita. Siku kavu aliandika sifuri, kwa sababu alisema mstari mtupu haumwambii msomaji kama mvua haikunyesha au mpimaji hakuamka.

Mwanzoni mwa mwezi ule alikuja mtunza kumbukumbu wa chuo cha kilimo kilicho mwisho wa barabara yetu, mwanamke mpole mwenye macho ya kuhesabu. Aliyafungua madaftari moja baada ya jingine. Chuo kiliwahi kuwa na kituo chake cha kupimia mvua, hatua mia tatu kutoka uani kwetu, lakini kilidumu miaka sita tu. Miaka mingine ishirini na mitano hakuna aliyepima mvua ya mtaa huu isipokuwa fundi saa mmoja.

"Mwalimu," alisema, "nitafanya hivi. Hii hapa orodha yetu ya miaka ile sita. Yakilingana nayo, nitayaamini hata kwa ile ishirini na mitano, na tutayahifadhi chuoni kwa jina lake. Yasipolingana nitakuachia uyaweke mwenyewe kama ukumbusho. Siwezi kuweka kwenye rafu kitu ambacho mwanafunzi atakitumia nami sikiamini."

"Mume wangu hakuwahi kukosea hata sekunde ya saa ya mtu."

"Sijasema amekosea, Mama. Nimesema tulinganishe. Mwisho wa mwezi nitarudi."

Nililinganisha kwa njia niliyoifundisha darasani. Mtoto anayeruka mistari asomapo hupewa kadibodi iliyokatwa tundu jembamba, aone mstari mmoja tu na mingine ifunikwe. Nilikata kadibodi mbili, moja ya daftari na moja ya orodha ya chuo, nikawa naziteremsha pamoja, siku kwa siku. Siku ya ishirini na saba ilikuwa na milimita kumi na nane kwetu, sifuri kwao. Iliyofuata, sifuri kwetu, kumi na moja kwao. Nilipofika siku ya mia moja na arobaini, macho yalikuwa yakitoa machozi na ukurasa ulikuwa umejaa alama za mkasi, zile za kukosoa. Zile zilizolingana karibu zote zilikuwa siku kavu.

Sikuamini macho yangu, nikaona heri mashine. Nilinakili miaka sita katika kompyuta mpakato ya mjukuu wangu, nikaandika programu ya mistari kumi na minane. Ilichukua siku moja ya daftari na siku hiyohiyo ya chuo, ikatazama kama tofauti yake haizidi milimita tatu, ikahesabu. Siku zote zilikuwa elfu mbili mia moja tisini na moja. Zilizolingana zilikuwa elfu moja mia tatu na nne.

Nilihitimisha kwamba programu ina kosa. Ningehitimisha nini kingine?

Basi kesho yake, baada ya kufungiwa lile la kwanza, niliuliza tena, safari hii kwa ufupi wa kuwakomoa: "Programu yangu haifanyi kazi. Naomba msaada."

Aliyetangulia kujibu alijiita Pilipili. "Haifanyi kazi vipi, bi mkubwa? Imegoma, imelala, au imetoroka na mchumba?"

Wa pili alijiita Kobe, na kweli aliandika polepole. Niliona zile nukta tatu zikichezacheza kwa muda mrefu kabla ya maneno kutokea. "Kalamu Nyekundu, tuonyeshe mambo matatu. Ulichoandika, ulichopata, na ulichotarajia kupata. Wala usituletee miaka sita. Chagua siku kumi."

Niliinuka nikaenda kumwagilia vyungu vya maua ambavyo havikuwa na kiu. Mambo mawili ya kwanza yalikuwa rahisi. La tatu lilinishinda. Nilikuwa natarajia nini? Nilitarajia mashine iniambie kwamba mume wangu alikuwa sahihi, na hilo halikuwa jambo la kuandika mbele za watu. Nilirudi, nikafuta, nikatunga, nikafuta. Hatimaye niliandika: "Nilitarajia angalau siku tisa katika kumi zilingane, kwa kuwa vipimo vyote viwili vilikuwa katika barabara moja. Nimepata mbili." Nikaambatisha mistari kumi na minane, na siku kumi za mwanzo wa masika ya mwaka wa pili.

Lilikuwa swali la mistari mitano. Nadhani sijawahi kuandika insha bora kuliko hiyo.

Kobe alijibu baada ya chakula cha mchana. "Sasa tumeelewana. Nimeiendesha programu yako mwenyewe. Haina kosa."

Nilisoma maneno hayo mara mbili. Mjukuu wangu alikuwa akivaa viatu vyake mlangoni.

"Anasema programu haina kosa," nilimwambia.

"Hongera, Bibi."

"Hongera ya nini? Kama programu haina kosa, kosa ni la babu yako."

Alisimama na kiatu kimoja mkononi. "Au la chuo."

"Au la chuo," nilikubali haraka, na nikaandika hivyo jukwaani: kwamba huenda kituo cha chuo kiliendeshwa kwa uzembe.

"Tusimtie mtu hatiani bado," alijibu Kobe. "Bibi, nifanyie jambo moja. Zisome hizo safu mbili kwa sauti. Soma yenu yote hadi mwisho, kisha yao. Usizichanganye."

Nyumba ilikuwa tupu, kwa hiyo hakuna aliyenisikia. Nilisimama, kama nilivyozoea kusimama mbele ya darasa, nikasoma ya kwetu: sifuri, sifuri, kumi na nne, thelathini na moja, sifuri, sita, sifuri, ishirini na mbili, tisa, sifuri. Kisha ya chuo: sifuri, kumi na nne, thelathini, sifuri, saba, sifuri, ishirini na moja, tisa, sifuri, sifuri.

Nikasoma tena. Ulikuwa wimbo mmoja, ukiimbwa na madarasa mawili, moja likichelewa kuanza.

Nilizitazama zile kadibodi zangu mbili. Nilikuwa nimezikata vizuri mno. Ziliufunika mstari wa juu na wa chini, na hapo ndipo jibu lilipokuwa limekaa siku zote. Na programu nayo, kwa kuwa niliiumba kwa mfano wa kadibodi, ilitazama tundu moja tu kwa wakati.

"Marehemu alipima saa ngapi," aliuliza Kobe, ambaye kumbe alikuwa amelisoma lile swali langu lililofungwa, "na alichokikuta kwenye chupa alikiandika siku gani?"

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa nimemwona akiandika kila asubuhi, na sasa ilinibidi nifumbe macho ili nimwone vizuri. Alikuwa akisimama kando ya dirisha la jikoni. Akiulizwa, husema: mvua ya usiku wa kuamkia Jumanne ni ya Jumanne. Maji aliyoyakuta asubuhi aliyaandika katika siku aliyoamkia. Nilimpigia simu mtunza kumbukumbu.

"Sisi tulipima saa tatu asubuhi," alisema, "tukaandika siku iliyopita. Maji mengi yanakuwa ya jana, Mwalimu. Kwani yeye alifanyaje?"

"Nitakueleza utakapokuja," nilisema, kwa sababu nilikuwa na haraka kama mtoto aliyesikia kengele ya kutoka.

Marekebisho yalikuwa madogo hata nikaona haya. Niliiagiza programu ichukue siku moja ya chuo na siku inayofuata katika daftari letu. Mahali pamoja, niliongeza moja. Nikaiendesha. Zisizolingana hapo awali zilikuwa mia nane themanini na saba. Sasa zilibaki arobaini.

Niliandika habari hiyo jukwaani bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo. Nilisema kwamba marehemu ameonekana kuwa sahihi, kama ilivyotarajiwa.

"Safi," aliandika Kobe.

"Hizo arobaini zimekaa wapi?" Huyo alikuwa Pilipili, ambaye nilidhani ameshakwenda kutania wengine. "Zimetawanyika kama mbegu, au zimekaa pamoja kama wambea?"

Sikuwa nimetazama. Niliiambia programu inipe tarehe zake. Tisa zilitawanyika katika miaka yote sita, na hizo si ajabu. Hata hatua mia tatu zinatosha kulowesha bati moja na kuacha jingine. Thelathini na moja zilikuwa pamoja, katika daftari la pili, ndani ya siku arobaini na saba zinazofuatana. Nilizijaribu kwa programu ya kwanza, ile isiyoongeza kitu. Zikalingana zote.

"Ajabu," aliandika Kobe. "Siku arobaini na saba mpimaji alifuata desturi ya chuo, kisha akarudia yake. Kuna mtu mwingine aliyeshika kalamu?"

Sikuhitaji kufungua daftari, lakini nililifungua. Hati ilikuwa yangu, imenyooka kuliko yake, na nilipokuwa nikiinakili iliniletea fahari tu. Mwaka ule mume wangu aliteleza kwenye ngazi akitengeneza saa ya ukutani ya ukumbi, akavunjika mguu, akalazwa wiki saba. Aliniomba nimpimie mvua. Hakunieleza niandike wapi, nami sikuuliza. Kwa nini niulize? Mwalimu anajua kujaza mahudhurio: mtoto aliyekosa jana huandikwa hakuwapo jana. Maji yaliyoingia chupani jana niliyaandika jana. Kila nilipokwenda kumtazama hospitalini nilimwambia kwamba daftari lake liko katika mikono salama.

Jukwaani walikuwa wakisubiri. Niliandika: "Kipindi hicho marehemu alikuwa mgonjwa, na daftari lilishikwa na mtu mwingine."

"Mtu gani huyo?" aliuliza Pilipili. "Mlete hapa, tumsahihishe kwa kalamu yako nyekundu."

Nilifunga kompyuta.

Siku mbili sikuifungua. Mjukuu wangu aliuliza mara moja kunani. Nilipomweleza, alichukua muda kutafuna.

"Ziko siku thelathini na moja tu, Bibi. Zisogeze. Au mwambie yule mama wa chuo kuwa ni babu, dawa za hospitali zilimchanganya. Mimi nazijua dawa, zinachanganya."

"Babu yako hakuwa nyumbani. Angepimaje mvua akiwa kitandani, mguu umening'inizwa?"

"Basi sema ni jirani."

"Jirani gani mwenye hati kama hii?"

Alilivuta daftari, akalitazama karibu, kwa jinsi anavyozisoma karatasi za madaktari zisizosomeka. "Na hii hapa penseli ni ya nini?"

Nilikuwa nimeiona wakati wa kunakili nikadhani ni uchafu, au mkono wa mtoto. Ulikuwa mstari mwembamba wa penseli pembeni, ukianzia siku ya kwanza ya hati yangu hadi ya mwisho, kurasa tatu, na mwishoni mwa kila ukurasa mshale mdogo ukielekea chini. Teremsha mstari mmoja. Mshale wenyewe ulikuwa na mabega mawili yaliyonyooka, kama mishale ya saa alizokuwa akizifungua. Hakuna mwingine aliyechora hivyo.

"Alijua," alisema mjukuu wangu.

Alijua tangu alipotoka hospitali, kwa miaka ishirini na saba. Hakuifuta namba yangu hata moja, wala hakuniambia. Nilijaribu kukumbuka chakula kimoja, safari moja, ugomvi mmoja ambao angeweza kulitumia hilo akanishinda. Ugomvi ulikuwapo. Hakulitumia.

Mficha uchi hazai. Siku hiyohiyo, sahani zikiwa bado mezani, nilifungua jukwaa nikaandika: "Mtu mwingine aliyeshika daftari ni mimi. Sikuuliza mvua ya usiku huandikwa siku gani, kwa sababu nilidhani najua. Mwenye daftari aliliona kosa akaliwekea alama. Mimi nimeliona leo, kwa msaada wenu. Nawashukuru."

Pilipili hakukawia. "Nyani haoni kundule, bi mkubwa." Kisha, kabla sijaamua kama nimekasirika: "Hata mimi juzi nimemlaumu mtu kutwa nzima, kumbe faili nililokuwa nalisoma ni langu la mwaka jana. Shikamoo."

"Marahaba," niliandika. Msimamizi aliliacha neno hilo mahali pake. Juu ya swali akaweka alama ya kijani: limetatuliwa.

Mtunza kumbukumbu alirudi siku ya mwisho ya mwezi, kama alivyoahidi. Nilikuwa nimemwandalia karatasi mbili: ya kwanza ilieleza saa ya kupima na siku ya kuandika, ya pili ilieleza siku arobaini na saba, nani alipima na alikosea vipi. Niliitia sahihi kwa jina langu kamili. Alizisoma zote mbili, kisha akataka daftari la pili. Alikaa na ule mshale muda mrefu kuliko alivyokaa na hesabu zangu zote.

"Ungeweza kuniambia asilimia tisini na nane zinalingana, nami ningeridhika," alisema.

"Ndiyo."

"Hii karatasi ya pili ningekuja kuihitaji, lakini nisingejua kuiomba." Aliiweka juu ya madaftari, akayafunga yote kumi na moja kwa kamba. "Mwanafunzi atauliza mwaka wa nne umekuwaje. Atakuta jibu limemngoja."

"Na jina?"

"La kwake, kwenye jalada. Lako ndani, penye siku zako. Au hutaki?"

Nilisema naliona hilo ni sawa. Alipoondoka, rafu ya sebuleni ilibaki na alama nyeupe pale yalipokuwa madaftari, na sikuipanguza vumbi siku ile.

Wiki iliyofuata ilinyesha. Niliisikia ikianza alfajiri juu ya bati, na saa kumi na mbili unusu nilijifunga khanga, nikaenda uani. Tangu mume wangu afariki hakuna aliyekuwa amelitumia lile kopo. Nilikuwa nimelisafisha siku mbili kabla. Nikaitoa chupa, nikaimimina, nikainama hadi jicho likawa sawa na maji. Milimita tisa.

Daftari jipya lilikuwa mezani, tarehe za mwezi zikiwa zimeshaandikwa. Kwenye jalada lake nilikuwa nimekwisha kuandika, kwa herufi kubwa, saa ya kupima na siku ya kuandika, ili atakayelishika baada yangu asilazimike kukisia. Hata hivyo kalamu ilisimama hewani. Mkono wangu wa ualimu ulikuwa ukienda kwenye mstari wa juu, wa jana, kwa mazoea tu.

Niliuteremsha mstari mmoja. Nikaandika tisa.